Deodandi ya Abel Pobjoy

Abel Pobjoy alikufa Jumanne asubuhi, jua limeshapanda, kwenye mteremko wa Hatchcombe, na maiti haijapoa watu walishaanza kumtazama farasi wake. Msiwalaumu haraka. Somerset ya siku zile, huko Uingereza, ndivyo ilivyokuwa: mtu akifa kwa ajali, jicho la kwanza humwendea marehemu, la pili hukiendea kile kilichomwua, maana tangu saa ile si mali ya mwenyewe tena. Kiwe shoka, kiwe fahali, kiwe pipa lililoporomoka ghalani, sheria ilikuwa na jina lake. Deodandi. Pale kijijini hapakuwa na wa kukuandikia neno hilo, lakini hata mchunga bata alijua linaondoka na nini likija.

Thirza, mke wa Abel, alilijua tangu mdogo. Kwao, fahali wa jirani alimpiga pembe mkamua maziwa akamwua. Fahali akachukuliwa, na mwaka uliofuata ng'ombe wa jirani yule wakakaa bila ndama, watoto wake wakanywa supu ya majani mpaka macho yakaingia ndani. Siku zile ndipo bibi yake alipomweleza neno lilikotoka. Ni Kilatini cha kanisani, alisema, maneno mawili yaliyoshikana, maana yake cha kupewa Mungu. Hapo kale aliyekufa ghafla alihesabiwa amekufa na dhambi zake kifuani, hakupata nafasi ya kuungama. Basi kilichomwua kikauzwa, misa zikasomwa kwa ajili ya roho yake, na maskini wakapata mkate mlangoni. Ndiyo sababu mtoto mchanga akianguka garini watu hawakudai kitu, kwani mtoto ana dhambi gani ya kuombewa? Halafu wafalme wakaja wakasema sadaka ya Mungu wataigawa wao. Na mfalme, kwa kuwa alikuwa na marafiki wengi wa kuwafurahisha, haki hiyo akawapa mamwinyi, kila mmoja katika ardhi yake.

"Sasa Mungu anapata nini, bibi?" Thirza aliuliza.

"Anapata kelele zetu," bibi akamjibu.

Thirza aliolewa na Abel akiwa na miaka ishirini. Abel alikuwa mchukuzi wa mizigo, akipeleka chokaa, mapipa na makaa, na miaka minane ya kwanza ya ndoa alikunywa kama mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Farasi wao wa kwanza alimuuza, akamnywa mzima, kwato hadi masikio. Watoto wawili waliwazika wangali wachanga, na wa pili alizikwa baba yake amelala chini ya benchi la kilabu, watu wakimruka kwenda kuchota pombe. Thirza alirudi kutoka makaburini peke yake, akapika, akala peke yake, na akalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Kisha mwaka mmoja wakaja wahubiri wale wa kuhubiri viwanjani, ambao kasisi hakutaka kuwasikia. Abel alisimama kwenye mvua kuwasikiliza, eti apate kuwacheka. Hakucheka. Tangu siku hiyo miaka kumi na mmoja hakuonja tone, hata wakati wa mavuno, ambapo pombe ya matofaa ni nusu ya ujira na asiyekunywa huonekana kama anatukana shamba. Walimwita Abel Maji. Walimwekea pombe kwenye chupa yake ya maji wapate kumwona anavyotema. Alitema, akafuta mdomo, akaendelea kupakia. Miaka saba wakawa wanaweka akiba, ndipo wakamnunua Bonny, farasi jike wa kahawia mwenye subira, na gari la magurudumu mawili. Mali yao yote ni hiyo. Nyumba ilikuwa ya mwinyi, ardhi ya mwinyi, hata kuni za kuokota ziliulizwa kwanza.

Na alikuwepo Enos, mdogo wake Abel, mwezekaji wa mapaa ya nyasi. Huyu alikunywa kumpita kaka yake. Aliwahi kuanguka paani mara tatu, na mara zote Mungu akamwekea lundo la nyasi chini. Miaka mitatu kabla ya msiba, Abel alimchukua akajifungia naye ghalani siku tisa. Thirza akiwapelekea chakula alimsikia Enos akilia, akitukana, akitapika, na Abel akisema tu, "Nami nilipita hapahapa. Nami nilipita hapahapa." Siku ya kumi Enos alitoka amekonda kama ufagio, akaenda kuezeka. Hakurudi kilabuni tena. Ukimuuliza amewezaje, hakutaja dini wala nini. Alisema, "Kaka anaweza."

Sasa ajali yenyewe. Abel alikuwa na tabia moja mbaya ambayo Thirza aliikemea mpaka akachoka. Gari likienda polepole, yeye hukanyaga njiti ya gurudumu linapozunguka, akainuliwa nalo, akajirusha kitini kama kijana wa miaka kumi na minane. Jumanne ile buti lilikuwa na tope la chokaa. Mguu ukateleza, akaenda chini, na kitovu cha gurudumu kikampiga kisogoni. Thirza alikuwa nyuma, hatua ishirini, na kikapu cha mayai. Bonny alisimama mwenyewe bila kuambiwa. Hapakuwa na mtu mwingine barabarani.

Alasiri hiyo Jabez Tolley alifika nyumbani. Alikuwa fundi magurudumu, mzee mnene wa maneno machache, na gurudumu lile alilitengeneza yeye. Alivua kofia mbele ya maiti, akakaa, akakataa mkate aliokaribishwa.

"Mchunguzi wa vifo anakuja Alhamisi," akasema. "Mimi ndiye nitakayeongoza wazee wa baraza. Dada Thirza, nisikilize vizuri. Sheria ya deodandi iko hivi. Gari likiwa linatembea mtu akafa, vyote vilivyotembea ndivyo vilivyomwua: magurudumu, gari, mzigo na farasi. Likiwa limesimama naye akaanguka kwa kukanyaga gurudumu, basi gurudumu peke yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa lilikuwa limesimama au linatembea?"

"Lilikuwa linatembea, Mzee Jabez."

Jabez alijikuna sikio. "Hili sikio langu bovu. Nyundo zimelimaliza. Nitakuuliza tena Alhamisi, mbele ya watu."

Thirza hakulala siku mbili. Hakuwa mwanamke wa kusema uongo. Hata yai bovu akiliuza kwa bahati mbaya alirudi kulilipa. Lakini alijua bila Bonny hatamaliza majira ya baridi katika nyumba ile, na baada ya nyumba ni makao ya maskini ya parokia, kusokota kamba kuukuu na kuvaa nguo yenye alama begani. Msimamizi wa mwinyi, Bwana Strode, alishapita Jumatano "kutoa pole". Pole ya midomo. Aliingia zizini kabla ya kuingia ndani, akamfungua Bonny mdomo akamtazama meno.

Enos ndiye aliyekesha na maiti. Alimnyoa kaka yake ndevu, akamvisha shati safi. Alfajiri ya Alhamisi alimwambia Thirza, "Shemeji, kuni nitakukatia mimi. Paa nitaliangalia mimi. Abel alinitoa topeni, nami sitamwaibisha." Thirza alimshika mkono.

Baraza lilikaa kilabuni kwa Mama Yandle, kwa kuwa ndicho chumba pekee pale kijijini kilichoweza kumeza watu kumi na wawili na maiti. Abel, ambaye hakukanyaga mle miaka kumi na mmoja, alilazwa chumba cha nyuma juu ya mbao, kati ya mapipa. Wazee wakaapa, wakaingia kumtazama, wakatoka wakifuta viatu. Mchunguzi wa vifo alikuwa mtu wa mjini mwenye mafua, aliyetaka kumaliza kabla mvua haijaanza. Thirza akaitwa. Akashika Kitabu, akakibusu, akaapa.

"Gari lilikuwa linatembea?" Jabez akauliza.

"Lilikuwa limesimama."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wote pamoja, na mmoja akaanza hata kutafuta kofia yake. Jambo lilikuwa limekwisha. Ndipo Bwana Strode aliponyanyuka kwenye kiti chake karibu na moto.

"Mheshimiwa, niruhusu swali moja kwa niaba ya mwinyi. Bibi, mumeo alikuwa mchukuzi kwa miaka mingapi?"

"Karibu thelathini."

"Thelathini. Gari limesimama, farasi mpole, jua linawaka, hakuna upepo. Mtu mwenye akili zake anaangukaje hapo hadi akapasua kichwa? Mimi sielewi, nieleweshwe." Akageuza sauti ikawa laini. "Huenda farasi alisogea. Hatua moja tu. Kumbuka vizuri, bibi. Hatua moja si kosa la mtu."

Kumbe hatua moja ndiyo ilikuwa inatafutwa. Hatua moja na Bonny ameondoka. Thirza alitazama dirishani. Mtumishi wa Strode alikuwa nje, tayari ameshika hatamu, anamtembeza farasi kama wa kwake. Alitafuta neno akalikosa, na kila alivyolikosa wazee waliona Strode anashinda.

Mchunguzi akapenga kamasi. Wala hakuwa na ubaya. Aliuliza kama anavyouliza kila wiki, katika kila kilabu cha wilaya nzima. "Bibi, alikuwa amekunywa?"

Enos alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Bwana Hosegood, kiongozi wa kikundi cha sala alichosali nacho Abel, alikuwa kwenye benchi la ukutani. Thirza hakumtazama yeyote kati yao. Alitazama Kitabu.

"Ndiyo," akasema. "Alikuwa amekunywa."

"Sana?"

"Sana."

"Hilo linaeleza yote," mchunguzi akasema, akaandika.

Wazee hawakutoka nje hata kushauriana. Jabez akasimama, akasema ni ajali, marehemu aliteleza kwa ulevi akipanda gari lililosimama. Kilichomwua ni gurudumu la kushoto, thamani yake shilingi tatu. Strode akakunja karatasi zake. Mtumishi wake akaachia hatamu. Wengine wakamsogelea Thirza, wakamgusa bega, kwa kuwa kila mtu mle ndani alijua, au alidhani anajua, kilichofanyika. Walikuwa wamemwokoa mjane mikononi mwa msimamizi, na wakajisikia watu wema. Nami sisemi hawakuwa.

Lakini wao waliujua uongo wa gari tu. Ule wa pili haukuwa kwenye mpango, na hakuna aliyekuwa na hakika nao. Mlevi wa zamani, walisema baadaye, nani ajuaye. Bwana Hosegood alipita mbele ya Thirza bila kumwamkia, na Jumapili yake jina la Abel likafutwa katika daftari la kikundi, wino juu ya miaka kumi na mmoja.

Enos hakumtazama Thirza kwa chuki. Angemtazama kwa chuki ingekuwa nafuu. Alikwenda akakaa kwenye benchi la pembeni, akaweka kofia mezani, akasema, "Mama Yandle, nipe kikombe."

Mama Yandle akasita. "Cha maji, Enos?"

"Unajua cha nini."

Thirza alitaka kuruka palepale, lakini mchunguzi alikuwa bado anakausha wino na Strode bado anavaa glavu. Ikambidi asimame pale akimwona Enos anakunywa cha kwanza, halafu cha pili. Alipoona farasi wa mchunguzi amepinda kona, alikwenda akakaa mbele yake.

"Enos, weka chini hicho."

"Leo niache, shemeji."

"Abel hakunywa. Hakunywa siku ile wala siku yoyote. Nimesema uongo. Gari lilikuwa linatembea, mguu ukateleza, basi."

Enos akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa la upendo. Hilo ndilo Thirza hakulisahau mpaka anaingia kaburini. "Shemeji, una moyo mzuri."

"Nakuapia."

"Umeshaapa. Nimekusikia kwa masikio yangu. Ulishika Kitabu, ukakibusu."

"Walikuwa wanamchukua Bonny. Hukumwona yule mtumishi nje?"

"Unataka ninyanyuke hapa. Najua. Hata Abel angenidanganya ili ninyanyuke, ndivyo mlivyo ninyi wawili." Akazungusha kikombe mezani. "Miaka mitatu, shemeji, naamka koo linawaka moto, naukamata mto kwa meno. Najiambia, mbona kaka anaweza? Kumbe kaka naye alikuwa na chupa yake mahali."

"Hakuwa na chupa. Mimi nililala naye, mimi nilimfulia nguo. Ningeinusa."

"Mke ndiye anayejua," Enos akasema taratibu, "na mke ameshasema."

Akanyanyua kikombe. Thirza akamshika mkono, pombe ikamwagika, na watu wakacheka kidogo kwa aibu. Mama Yandle akaja akafuta meza, akajaza kingine.

Msidhani Thirza alikata tamaa siku ile. Alimfuata Enos paani alikofanya kazi akampigia kelele kutoka chini. Alikwenda kwa Bwana Hosegood, naye akamjibu kwamba mwanamke aliyeapa hivi leo na kusema vile kesho, yeye hawezi kumwandikia neno lolote. Alikwenda karakanani kwa Jabez.

"Mweleze wewe, Mzee Jabez. Wewe atakusikia. Mwambie ulinifundisha la kusema."

Jabez aliweka randa chini, akafunga mlango. "Unataka tufungwe wote wawili? Nilikuambia useme gari limesimama. Ulevi sikukutuma."

"Nilibanwa."

"Najua ulibanwa. Nilikuwepo." Akaiokota randa. "Gurudumu jipya badala ya lile hutanilipa. Zaidi ya hapo sina, dada."

Thirza akaendesha gari yeye mwenyewe. Wanawake walimshangaa, wanaume wakamtania kwamba gari lile sasa lina mabibi wawili, mmoja wa kuvuta na mmoja wa kuendesha. Alipeleka chokaa, alipeleka mapipa, kodi akalipa, sahani yake ikawa na nyama ya nguruwe siku za Jumapili. Akipita kilabuni kwa Mama Yandle alimwona Enos dirishani. Mara nyingine alimkuta barabarani ameanguka, akampakia garini, akampeleka kwake, akamvua viatu. Enos alimshukuru kila mara kwa adabu. Hakuwahi kumlaumu kwa lolote, na kuni alimkatia, magogo mengine nusu, mengine yamepasuliwa vibaya, hadi mikono ilipoanza kutetemeka asiweze kushika shoka.

Mwezi wa Januari wa mwaka wa pili walimkuta mtaroni, chini ya ukuta wa kanisa, barafu kwenye nyusi.

Baraza likakaa kilabuni palepale. Mchunguzi yuleyule, mafua yaleyale, Jabez akiwaongoza wazee, Bwana Strode karibu na moto. Thirza aliitwa kusema kama alimwona marehemu siku iliyotangulia. Akasema alimwona, alikuwa amelewa. Safari hii ilikuwa kweli.

"Kuna kitu kilichomwua?" mchunguzi akauliza, kalamu mkononi. "Cha kukadiriwa?"

"Hakuna, mheshimiwa," Jabez akajibu. "Ni baridi na pombe."

"Kipo," akasema Thirza.

Alikuwa bado amesimama pale walipomwachia. Mchunguzi akainua uso.

"Andikeni farasi," Thirza akasema. "Farasi wangu. Yupo nje nimemfunga."

"Farasi alimkanyaga marehemu?"

"Hapana."

"Alimpiga teke?"

"Hapana, mheshimiwa. Lakini ni yeye. Mchukueni. Mwandikeni deodandi, mpeni mwinyi, mpeni Mungu, mpeni mnayemtaka."

Mchunguzi aliweka kalamu chini, akamtazama Jabez. Jabez alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mheshimiwa, huyu mama amefiwa," akasema. "Mume na shemeji, miaka miwili. Tunaomba usiandike hilo."

Bwana Strode akacheka ndani ya pua. "Na farasi mwenyewe ameshazeeka," akasema, na wazee wawili watatu wakacheka naye, wakafurahi kwamba jambo limepata njia ya kupita.

Mama Yandle akamshika Thirza mkono taratibu, akamtoa mpaka mlangoni, akamfunga shuka mabegani, akamwambia aende akapumzike. Nyuma yao mchunguzi akasoma alichoandika: hakuna kitu kilichosababisha kifo. Bonny alikuwa palepale alipofungwa, theluji mgongoni. Thirza akamfuta, akapanda kitini, akaenda kupeleka chokaa.